Vichupa Mfukoni mwa Koti la Harusi

Naapa, wasomaji wangu, kwa macho yangu yote mawili, la kulia linaloona na la kushoto linalosingizia kuona: haya ni kweli tupu. Nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa palepale dobi, taulo kiunoni, nikisubiri suruali yangu ipigwe pasi. Nikiwa nimetia chumvi hata chembe moja, basi nikamatwe nikafulishwe kwa mikono mashuka ya nyumba ya wageni nzima.

Haya. Wiki iliyopita tulimwacha Pasi ameingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti la harusi la mumewe, vidole vyake vimegusa kioo.

Akautoa mkono.

Vichupa viwili vya dawa ya sindano. Vimejaa. Kofia zake za bati hazijaguswa.

Kwa aliyekosa gazeti: Pasi ndilo jina walilompa kazini, maana hakuna aliyewahi kunyoosha kola kama yeye. Ana mabinti wawili. Alipomzaa wa pili alivuja damu mpaka mkunga akaacha kumtia moyo, akaanza kumuaga. Aliponusurika, nesi alimwambia bila kuzunguka: "Mama, mwili huu upumzike miaka. Ukibeba mwingine upesi, mimi sikuahidi kitu."

Pasi akachagua sindano ya kupanga uzazi, ile ya kila miezi mitatu. Mumewe, ambaye mtaa mzima unamwita Meneja ingawa hajawahi kusimamia hata kuku, akatikisa kichwa kukubali.

Na sasa wiki ya pili Pasi anatapika kila asubuhi.

Alivishika vile vichupa kwenye mwanga wa dirisha. Dawa ilikuwa nyeupe, imetuama chini kama unga kwenye maji. Akakumbuka. Mara mbili za mwisho, ile iliyoingia mkononi mwake ilikuwa safi kama maji ya bombani. Alimuuliza muuza duka la dawa, yule anayechoma watu nyuma ya pazia akiwa amevaa koti jeupe, ambaye kwa sababu ya koti hilo na dirisha la duka lake wanamwita Daktari wa Dirishani. Akamjibu: "Dawa mpya hiyo, mama. Wameiboresha."

Wameiboresha!

"Mzee," Pasi aliita. Sauti haikutoka. Akaita tena. "Mzee!"

Mwenye dobi akaja anajifuta povu viwikoni. Huyu ni Mzee Mfuko, na jina alilipata kwa sheria yake moja ambayo haijawahi kulala. Kila kinachotoka kwenye mfuko wa nguo kinatiwa ndani ya kifuko cha kitambaa, kinashonwa mdomo, kinatundikwa kwa pini kwenye henga ya nguo ileile. Mwenyewe akija, anakitaja kabla hajaoneshwa. Akikosea, hapewi. Akipatia, anarudishiwa, hata kama ni kijiti cha meno.

"Lete," alisema Mzee Mfuko.

"Mzee, hivi ni vyangu."

"Vimetoka kwenye koti la nani?"

"La mume wangu. Mama yake amelileta leo, anataka likapendeze kwenye sherehe."

"Basi ni vya mumeo."

"Hii ni dawa yangu! Ilitakiwa iwe mwilini mwangu! Unaona imejaa? Basi mimi nimechomwa nini?"

Mzee Mfuko alivitazama vichupa, mkono wake ameunyoosha. Lakini mkono haukushuka.

"Binti yangu, nimerudisha meno ya bandia. Nimerudisha risasi. Nimerudisha picha ya mke wa mtu kwa asiye mumewe, na mumewe amesimama palepale kwenye foleni. Dobi akianza kuchagua cha kurudisha na cha kubaki nacho, huyo si dobi tena. Ni mwizi mwenye sabuni."

"Basi rudisha na damu yangu, mzee," alisema Pasi. "Ile niliyomwaga siku ile. Nayo ilikuwa na mwenyewe."

Mashine zilikuwa zinaguruma. Mzee akaangalia sakafu.

"Nani amechomwa nini?" iliuliza sauti kutoka nyuma ya mashuka yaliyotundikwa kwenye kamba.

Mashuka yakafunguka. Akatoka mwanamke mrefu, amejizungushia shuka la maua la mteja mwingine, maana sare yake ilikuwa bado ina unyevu. Huyu ni Afande, na kituoni anakaa kwenye dawati la mambo kama haya haya. Pasi akamweleza yote. Afande hakumkatiza hata mara moja.

"Sheria ipo," alisema. "Mtu akikuharibia kinga yako kwa siri ili ushike mimba, ni jinai. Akikutisha ili uzae, jinai. Akikulazimisha utoe, jinai. Akikufunga uzazi bila ridhaa yako, jinai vilevile. Na mahakama haiulizi kama ni mumeo."

"Basi mkamate!"

"Kwa vichupa? Atasema ameviokota. Atasema ni vya ng'ombe wa jirani. Mfuko peke yake hautoshi, dada. Nataka na mdomo. Nataka nisikie kwamba alijua, na kwamba alikusudia."

Simu ya dobi ikalia.

Mzee Mfuko akaipokea, akaibonyeza ili wote wasikie. Ilikuwa sauti ya Meneja, anahema kama anayepanda ngazi.

"Mzee wangu! Mama ameleta koti hapo? Limeshaguswa? Msiguse mfuko! Mke wangu nimemwacha nyumbani anaumwa, sitaki mumsumbue. Nakuja mwenyewe!"

Ikakatika.

Msishangae kwamba hakuvitupa vichupa vile zamani. Meneja ni mtu asiyetupa hata njiti ya kiberiti iliyoungua. Dawa ililipiwa, aliiweka apate kuiuza. Na alichagua mahali ambapo mkewe hagusi, koti la harusi, akasahau kwamba na mama naye ana mikono. Mkewe kweli alimwacha kitandani, ila dakika ile alipotoka, Pasi alinawa uso akaja kazini. Ukikosa kwenda, mabinti hawali.

Mzee Mfuko aliitazama simu, akavitazama vichupa.

"Sheria yangu inasema mwenyewe avitaje," alisema polepole.

"Usiivunje, mzee," alisema Afande. "Itekeleze yote. Neno kwa neno."

Mzee akachukua vichupa, akaingia chumba cha nyuma. Akarudi na kifuko kimeshonwa, akakitundika kwa pini kwenye henga ya koti. Pasi na Afande wakaingia nyuma ya mashuka. Mimi nikabaki kwenye benchi na taulo langu.

Meneja akaingia jasho linamtiririka.

"Mzee wangu! Za kazi?"

"Zinachemka."

"Kuna vitu vyangu vidogo mfukoni."

"Vipo."

"Nipe basi."

"Vitaje."

"Ah, mzee, mimi si mgeni hapa. Mke wangu anafanya kazi kwako!"

"Ndiyo maana nataka uvitaje vizuri."

Meneja akacheka kicheko cha meno ya mbele. "Ni vitu vya kiume tu."

"Hapa nimerudisha vya kiume vya kila namna. Vitaje."

Akanigeukia mimi. "Na huyu?"

"Huyu hana suruali wala masikio. Taja."

"Vichupa viwili."

"Vya manukato?"

"Vya sindano."

"Vimejaa au vitupu?"

"Vimejaa."

"Sindano ya ugonjwa gani? Nisije nikakupa cha mtu, ukajichoma ukafa, nikaulizwa mimi."

"Si ugonjwa, mzee. Ni ile ya wanawake. Ya kuzuia."

"Wewe unazuia nini?"

Hapo Meneja alicheka kweli. Akaegemea meza, akashusha sauti, ile sauti ya mwanamume anayedhani yuko na wanaume wenzake.

"Mzee, wewe utanielewa. Mama kila siku ananiuliza: mabinti wawili, jina la baba yako litabebwa na nani? Nikimwambia mke wangu, ananijibu nesi kasema. Nesi ndiye aliyemuoa? Basi nikaelewana na Daktari wa Dirishani. Yeye anamchoma maji, dawa ananipa mimi. Hakuna ugomvi, hakuna kelele."

"Mkeo anajua?"

"Akijua ni siri gani tena?"

"Na hilo aliloambiwa? Kwamba akibeba mwingine anaweza kufa?"

Meneja akapunga mkono kama anayefukuza nzi.

"Wanawake hawafi hovyo hivyo, mzee. Na ikitokea, mama yupo. Atalea."

Nyuma ya mashuka hakuna kilichotikisika. Pasi ya umeme ilitoa mvuke peke yake, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno.

Mzee Mfuko akatoa pini. Akampa kifuko.

Papo hapo mashuka yakafunguka na Afande akatoka. Shuka la maua mwilini, kofia ya sare kichwani. Kofia pekee ndiyo iliyokuwa tayari.

"Uko chini ya ulinzi."

Meneja akamtazama juu mpaka chini. "Wewe nani? Kitanda?"

Kisha akaiona ile kofia, na nembo yake. Rangi ikamtoka usoni. Lakini mjanja ni mjanja: akakidondosha kifuko sakafuni, akakikanyaga kwa kisigino. Kra! Akakisaga. Akakisaga tena.

"Haya!" alifoka. "Vichupa viko wapi? Maneno ya mzee mfua nguo na mwehu wa taulo, mtanifunga nayo? Ushahidi uko wapi?"

Akatazama chini, na sisi tukatazama.

Kitambaa kilikuwa kinavuja. Kilichotoka hakikuwa cheupe. Kilikuwa buluu. Buluu ikasambaa kwenye saruji, ikapanda kwenye soli ya kiatu chake, ikaingia kwenye soksi.

Mzee Mfuko akaingiza vidole kwenye mfuko wa shati lake mwenyewe. Akatoa vichupa viwili, vimejaa, vyeupe, kofia za bati hazijaguswa. Akavitia kwenye kiganja cha Afande.

"Ile ni buluu ya mashati meupe, kwenye vichupa vya manukato vilivyosahauliwa," alisema. "Tangu nianze kazi hii sijawahi kumpa mteja kisicho chake. Leo nimempa."

Meneja akageuka akimbie. Na hapo, wasomaji wangu, ndipo mimi niliporuka kutoka kwenye benchi kama chui, taulo likabaki hewani, nikamkaba shingo kwa mkono mmoja na kwa mwingine nikakamata mguu wake!

Pasi akatoka nyuma ya mashuka. Hakupiga kelele.

"Kwa hiyo mama atalea," alisema.

"Mke wangu! Kumbe upo! Nilikuwa namtania tu mzee."

"Miezi yote hiyo unanitazama nakula. Unanitazama nacheka na wanao. Unaniuliza mbona nimechoka. Kumbe unangoja."

Afande akamtoa Meneja nje. Alama za buluu za kiatu chake zilienda naye mpaka kituoni.

Mnadhani yameisha? Ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza.

Pasi hajakaa vizuri kwenye benchi la kituo, mama mkwe akaingia kama upepo wa mlango uliosahauliwa.

"Umemfunga mwanangu kwa sababu ya baraka? Wenzio wanatafuta mimba kwa machozi, wewe unaipeleka polisi?"

"Mama, angeniomba..."

"Akuombe nini? Hiyo iliyomo humo ni ya ukoo wetu. Ukiigusa tu, utanitambua mimi ni nani."

Afande, sasa amevaa sare iliyonyooka kama ubao, akainua kalamu. "Mama, rudia hiyo taratibu, nipate kuiandika. 'Utanitambua', halafu?"

Mama mkwe akasita. Macho yake yakaangukia meza, kwenye koti la harusi lililokunjwa pembeni ya vichupa. Alilitazama muda mrefu.

"Koti nililileta mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Nilitaka apendeze."

 Akakaa chini, mkoba mapajani, akawa kama mgeni aliyekosea nyumba.

Kabla hajapata pumzi, akaingia dada yake Pasi, yule mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufa. Huyu hakusalimia mtu. Alimshika mdogo wake mkono.

"Inuka. Nimeshaongea na mtu, anatungoja. Leo hii inatoka."

"Dada, ngoja kwanza, hata sijapimwa."

"Nilikushika mkono siku ile ukivuja damu. Sitarudia kuona kile. Inatoka leo, utake usitake!"

Kalamu ya Afande ikagonga meza.

"Na wewe, dada, kaa."

"Mimi? Mimi namwokoa!"

"Kumwokoa si kosa. Kosa ni hilo 'utake usitake'. Anayemvuta huku na anayemvuta kule, sheria ni ileile. Mwachie mkono."

Dada mtu akauachia, akaanza kulia. Alama za vidole vyake zilibaki kwenye kifundo cha mkono wa Pasi, nyeupe, kisha nyekundu. Basi wakawa wamekaa benchi moja, mama mkwe anamtaka azae, dada anamtaka asizae, na Pasi katikati yao ameshika tumbo ambalo wote wawili walikuwa wanalitazama, bila hata mmoja kumtazama yeye usoni.

Afande akampeleka hospitali mwenyewe.

Nesi alikuwa yuleyule wa siku ile. Akamtoa kila mtu nje, Afande pia. Akafunga mlango kwa komeo. Akapima, akangoja, akasoma, na hakujifanya hana la kusema.

"Ipo."

Pasi akafumba macho.

"Nisikilize," alisema nesi. "Kuna njia ya kuibeba, tukuangalie kwa karibu, na hatari yake nitakwambia yote. Kuna njia ya kutoibeba, kwa hali yako sheria inaruhusu, na hatari yake pia nitakwambia yote. Mimi hapa sina ninachokutakia. Wewe unataka nini?"

Pasi akafumbua macho. Maisha yake yote watu walikuwa wamemuuliza anaweza nini. Anaweza kupika? Anaweza kufua? Anaweza kuzaa wa kiume? Hili la kutaka lilimkuta hajajiandaa. Alilia kidogo. Akafuta uso kwa mkono ulionuka wanga na sabuni. Akavuta pumzi, akasema...

Hapa, wasomaji wangu, nilikuwa nimeandika jibu. Lilikuwa jibu tamu, la machozi. Sasa halipo, na ninalazimika kuwaeleza kwa nini.

Mimi nina desturi. Kabla sijaipeleka sura gazetini, naisoma kwa kinyozi, kuona kama watu watasahau nywele zao. Juzi nilikuwa nimesimama katikati ya kibanda, mkono mmoja juu. Nilipofika kwenye jibu la Pasi, mteja mmoja alijifuta macho kwa taulo lenye sabuni akalia mara mbili. Nikaona nimefaulu. Sikuona kwamba kinyozi amezima mashine, ametoka, amevuka barabara.

Na ng'ambo ya barabara ile kuna nini? Kuna dobi.

Mwanga wa mlangoni ukafifia. Alisimama Mzee Mfuko, kikapu kikubwa mkononi. Nyuma yake Pasi.

"Eti taulo kiunoni," alisema Mzee Mfuko.

"Karibu, mzee mwenzangu..."

"Taulo gani? Siku ile ulikuwa hapahapa, kwenye kiti hicho, sabuni mashavuni. Yote haya nimekusimulia mimi!"

"Nilikuwepo kwa roho."

"Na suruali yako iko kwangu tangu mwaka jana, hujaja kuitaja. Na shingo ya Meneja, uliikaba kwa roho vilevile?"

Kibanda kizima kikacheka. Nikatafuta pa kuficha uso, nikakuta vioo kila upande.

"Nani alimkaba basi?" aliuliza mteja wa sabuni.

"Hakuna aliyemkaba. Huyu hapa," Mzee Mfuko akamwelekea Pasi, "alitoka nyuma ya mashuka, akasukuma meza ya kupigia pasi mpaka mlangoni, akaweka pasi ya moto juu yake, akasimama. Basi. Meneja alikaa chini mwenyewe."

Watu wakapiga makofi. Pasi hakucheka.

"Soma tena nilichomjibu nesi," aliniambia.

Nikasoma. Safari hii lilikuwa fupi zaidi, na halikuwa tamu.

"Hilo nimelisema lini?"

"Binti yangu, wasomaji wanangoja. Wanataka..."

"Mume wangu alitaka. Mama yake akataka. Dada yangu akataka. Sasa na gazeti?"

Wasomaji, mimi ni mtu wa majibu. Mke wangu huwa anasema nitamjibu hata mchimba kaburi. Siku ile nilishusha mkono tu.

"Jibu langu nimempa nesi," alisema Pasi. "Na mlango ulikuwa umefungwa. Futa."

Nikafuta. Kinyozi alinishikia taa. Taulo na chui nimewaachia kama nilivyowaandika, mpate kuona nilipokamatiwa. Lakini aya ile imekwenda, na mkinikuta njiani msiniulize, maana hata mimi sijui.

"Na kiapo?" aliuliza Mzee Mfuko. Akaweka kikapu miguuni pangu. "Kinyozi ametuambia. Mashuka ya nyumba ya wageni nzima. Kwa mikono."

Nilidhani anatania. Mzee Mfuko hatanii.

Kwa hiyo naandika haya vidole vimenikunjamana kama zabibu kavu. Nimefua. Nimefua mashuka ambayo nisingependa kujua yamelaliwa na nani. Pasi alikuwa mezani kwake ananyoosha, haniangalii, ila nikisuuza vibaya anakohoa.

Chini kabisa ya kikapu cha tatu nikakuta koti. Si shuka. Koti jeupe, refu, lenye doa la dawa kwenye mkono.

Nililijua. Mtaa mzima unalijua.

Daktari wa Dirishani yuko dirishani kwake mpaka leo. Alimwambia Afande kwamba yeye alimchoma Pasi dawa halisi, na aliyokuwa nayo Meneja ni mambo ya Meneja. Neno la huyu, neno la yule. Na kina mama wanaendelea kupita pale, wanakunja mkono wa gauni, wanatazama pembeni wasione sindano, wanamwamini.

"Nani kaleta hili?" niliuliza.

"Mkewe, asubuhi," alijibu Mzee Mfuko kutoka kwenye mashine. "Angalia mifuko kabla hujaloweka!"

Nikaingiza mkono.

Kioo.

Nikasogeza vidole. Kioo kikagongana na kioo. Nikapeleka mkono mfuko wa pili. Nao ulikuwa mzito wa vichupa, kofia zake za bati hazijaguswa.

"Pasi," niliita. Sauti haikutoka. Nikaita tena. "Pasi!"

Akaja. Hakugusa chochote. Aliinama, akatazama ndani ya mfuko wa kwanza, akatazama ndani ya wa pili, na niliona midomo yake ikisogea, kana kwamba anawataja wanawake wa mtaa wetu mmoja mmoja. Kisha akanyoosha mgongo. Akaanza kutundika mashuka yangu mabichi kwenye kamba, moja baada ya jingine, mpaka nyuma ya duka pakawa hapaonekani.

"Mzee," alisema, "shona kifuko kikubwa. Mimi namwita Afande."

Akanigeukia.

"Na wewe unayejua kusema uongo, mpigie mwenye koti. Mwambie mifuko yake tumeikuta na vitu, hatujui ni nini. Aje avitaje."